Yeye haogi, mimi nimeoga mpaka ngozi imepasuka

Shangazi, shikamoo.

Mimi ni mzaliwa wa Tanga mjini, Ngamiani. Mwaka jana mwezi wa nne niliolewa na kijana wa Kisambaa, akanileta huku kwao Lukozi, juu ya Lushoto. Ni mtu mwema, mchapakazi, analima kabichi na karoti, hanywi, hapigi. Shida yangu ni moja na naona haya kuisema mbele ya watu wanaotufahamu: mume wangu haogi.

Nisimsingizie. Anaoga, lakini si kuoga ninakokujua mimi. Kwetu mtu anaoga akiamka, anaoga akirudi kazini, na anaoga kabla ya kulala. Ukiiacha hiyo ya tatu mama anakuuliza unaumwa nini. Huyu bwana kuoga hasa, kwa sabuni na dodoki, ni Jumatano na Ijumaa. Siku nyingine akirudi shamba ananawa uso, mikono na miguu pale nje kwenye karo, anasogea motoni, anakula, analala. Hata siku za kupiga dawa kabichi ni hivyo hivyo, kichwa kinamgonga, anakunywa maziwa glasi moja na kujitupa kitandani. Akiwa na josho la wajibu, lile la dini baada ya tendo la ndoa, anaingia bafuni na ndoo moja, dakika tatu nyingi, ametoka. Nikimwambia hajaoga ananishangaa. Kwa hesabu yake anaoga mara nne au tano kwa wiki. Kwa hesabu yangu ni mbili.

Mimi nimejitahidi kushika mwendo wangu. Naoga asubuhi na usiku, nimeacha ya mchana tu. Lakini maji ya huku ni barafu, na mwezi huu wa saba ukungu hauondoki mpaka saa nne, kwa hiyo nachemsha na kuyaoga ya moto kabisa. Mama mkwe hasemi kitu mbele yangu, ila juzi nilimsikia akimwambia jirani kwamba siku hizi kuni za nyumba hii zinaishia bafuni. Nililia sana.

Na ngozi yenyewe imeharibika. Miguu kuanzia magotini kushuka imekuwa magamba kama ya samaki, na mapaja yanawasha, usiku ndiyo zaidi, nikijikuna panatoka damu. Niliona ni uchafu, nikazidisha dodoki na nikanunua sabuni ya dawa. Ndiyo kwanza pamezidi. Losheni niliyotoka nayo Tanga ikigusa tu inachoma.

La mwisho ni kichwa. Nilisuka rasta wiki kumi zilizopita nilipokwenda nyumbani kwenye harusi ya dada. Zinawasha, nashinda najipigapiga kichwani, na mba imejaa kwenye njia zote ingawa napaka mafuta kila siku. Wifi anasema nisithubutu kuosha, zitavimba na kuharibika. Halafu nina wasiwasi na majosho yangu: na hizi rasta maji yanafika kweli? Wakati mwingine naogopa sala zangu hazipokelewi.

Nina ujauzito wa miezi mitano, mtoto wetu wa kwanza. Nguo za shamba za mume wangu nafua mimi na harufu yake inanitia kichefuchefu. Sitaki mwanangu alelewe kwa kuoga Jumatano na Ijumaa. Niambie binadamu anatakiwa aoge mara ngapi. Mume wangu amekubali tuyasome majibu yako pamoja.

Mkaza mwana, Lukozi

*

Marahaba mwanangu, na hongera kwa ujauzito.

Barua yako nimeisoma mara mbili. Mara ya kwanza nilicheka pale kwenye hesabu zenu mbili. Mara ya pili sikucheka, kwa sababu kuna mahali umepita mbio kana kwamba si kitu: "Hata siku za kupiga dawa kabichi ni hivyo hivyo." Kwangu mimi barua yako yote iko hapo. Habari ya dodoki na rasta nitaifikia, ina nafasi yake. Hili la dawa halingoji Ijumaa.

Kwa kuwa mnasoma wote wawili, niruhusu niseme na mkwe wangu kwanza.

Baba, bomba la mgongoni unalijua kuliko mimi. Unajua linavyovuja kwenye mfuniko, mgongo ukalowa. Unajua upepo ukigeuka unavyokurudishia mvuke shingoni. Sasa wapiga dawa wengi wanafikiri sumu huingia puani na mdomoni tu, wakajifunga kitambaa wakaridhika. Kwa mtu wa bomba, njia kubwa ya sumu kuingia mwilini ni ngozi. Na ngozi haiko sawa kila mahali. Kiganja chako kigumu cha jembe kinaizuia kwa kiasi, lakini kwapani, kwenye kinena na sehemu za siri, ambako ngozi ni laini na jasho halikauki, inapita upesi mno. Kwa hiyo unaponawa mikono na miguu na kwenda motoni, umeosha pale penye afadhali na kupaacha pabaya. Halafu unalala nayo kwa muda wa saa nane, kwenye shuka moja na mwanamke mwenye mimba.

Kichwa kukugonga baada ya kupiga dawa usikiite uchovu. Na maziwa hayatoi sumu iliyopita kwenye ngozi. Najua ni desturi ya wakulima wengi kuyanywa, na glasi ya maziwa haina ubaya wowote, ila isikufanye ujione umeshajitibu. Siku kichwa kikija pamoja na kichefuchefu, mate kujaa mdomoni, jasho lisilo na sababu au macho kuona ukungu, usilale. Nenda kituo cha afya na chupa ya dawa mkononi, waisome lebo.

Siku ya kupiga dawa, basi, mwenendo ni huu. Nguo zinavuliwa nje, haziingii chumbani. Unaoga mwili mzima kwa maji na sabuni ya kutosha kabla hujakumbatia mtu wala kushika sufuria, na kichwa kinaoshwa pia. Nguo zina ndoo yake peke yake, zinafuliwa siku hiyo hiyo mbali na shuka na khanga za mkeo, zinaanikwa kwenye kamba yake juani, na maji yake hayamwagwi karibu na chemchemi. Anayezifua ni wewe mwenyewe, kwa glavu. Mkeo asiziguse mpaka ajifungue, na akishajifungua ndiyo asiziguse zaidi, maana atakuwa ananyonyesha.

Hayo tu, baba. Mengine niliyobaki nayo yanakutetea wewe.

Mwanangu, umeniuliza binadamu aoge mara ngapi, ukitaka namba umwonyeshe. Namba hiyo haipo. Kuoga mara tatu kwa siku Ngamiani hakukuwa usafi peke yake. Kulikuwa kujipoza. Hewa ya pwani ina unyevu, jasho halikauki, ukivaa gauni saa mbili asubuhi, saa sita limekung'ang'ania mgongoni. Lushoto mjini penyewe ni kama mita 1,400 juu ya bahari, na nyinyi Lukozi mmepanda zaidi. Mwezi wa saba, kwenye kipupwe hicho na sweta juu, jasho la kuoga mara tatu utalitoa wapi? Umehamia mlimani ukabaki na ratiba ya bahari.

Jasho lenyewe, likitoka tu, halina harufu. Harufu inatengenezwa na bakteria wanaoishi kwenye ngozi wanapolila jasho zito linalotoka kwapani na kwenye kinena. Miguu nayo inanuka kwa kufungiwa kwenye buti. Mgongo, mapaja, mikono na tumbo vya mtu aliyeshinda kwenye baridi havina cha kunuka. Nilisoma bweni nyanda za juu, sitaitaja shule. Maji ya pipa alfajiri yalikuwa yanauma kama nyuki, nasi tulikuwa na kuoga tulikokuita pasipoti: uso, kwapa, chini, miguu, umemaliza. Matroni alikuwa akipitisha kidole nyuma ya shingo zetu mlangoni, na kidole chake kikiwa cheusi unarudishwa bombani. Miaka yote hiyo nilidhani tunamdanganya. Leo daktari wa ngozi akiniuliza, nitamwambia tulikuwa tunafanya karibu sawasawa, tulisahau shingo tu.

Kwa hiyo siku ambayo mumeo hakupiga dawa, hakubeba magunia, hakutoa jasho, kule kunawa kwake karoni kumepungukiwa kwapa na kinena. Ayaongeze hayo mawili, ajifunike, alale, nawe usinune. Akivuna, akipakia gari la Dar, akilima, aoge mzima. Hiyo si Jumatano wala Ijumaa, ni siku yoyote mwili umefanya kazi.

Sasa magamba yako. Hayo si uchafu, mwanangu. Ni wewe.

Chukua sufuria ulilopikia wali wa mafuta. Ukiliosha kwa maji baridi mafuta yanabaki yameganda, ukilimwagia maji ya moto na sabuni na kulisugua kwa steel wire linatoka linang'aa. Ndivyo unavyoifanya miguu yako mara mbili kwa siku. Ngozi ina mafuta yake yanayozuia maji ya ndani yasitoke, na kwenye miundi mafuta hayo ni machache kuliko mahali pengine, ndiyo maana panaanza huko. Tena ngozi yenye afya ina uchachu kidogo, pH yake ni kama 5, na sabuni nyingi za kipande ni 9 mpaka 10. Kila ukioga unaivuruga, na kabla haijajirudi umeshaingia tena bafuni. Huko Tanga hewa yenye unyevu ilikuwa inakusamehe. Hewa ya baridi haisamehi. Losheni yako inachoma kwa sababu ina manukato na imekuta ngozi yenye nyufa.

Dodoki litundike. Sabuni ya dawa mpe mtu. Oga mara moja kwa siku, maji ya vuguvugu ambayo mtoto angeyavumilia, dakika tano hadi kumi. Sabuni ya kawaida isiyo na harufu kali iende kwapani, chini na miguuni. Mapaja na miundi vinatosheka na maji. Jipanguse kwa kugusagusa na taulo, usisugue, na ndani ya dakika tatu, mwili ungali na unyevu, jipake mafuta mazito ya mgando yasiyo na manukato, yale ya kopo. Ukisubiri ukakauka kwanza umeshachelewa, maana kazi ya mafuta ni kufungia maji ndani. Utalala unang'aa kama maandazi kwa wiki mbili hivi, vumilia.

Kabla hujaanza, jichunguze mambo mawili. Je, mumeo naye anajikuna usiku, na kuna vipele vidogo katikati ya vidole, kwenye vifundo vya mikono pale inapovaliwa saa, kiunoni? Hapo ni upele, na upele hautoki kwa kuoga hata mara kumi. Unatibiwa kwa dawa ya kupaka, nyumba nzima siku moja, mama mkwe akiwemo. La pili, kama muwasho unakuja hasa kwenye viganja na nyayo na huoni kipele chochote, usingoje tarehe ya kliniki. Nenda wakupime, kwa wajawazito kuna muwasho unaotokana na ini.

Habari ya josho. Mimi si shehe, nawe uko kwenye mji wenye wanazuoni, waulize. Lakini yako mambo tuliyosomeshwa tangu chuoni na watu wameyasahau. Mume wako kuingia na ndoo moja na kutoka baada ya dakika tatu, umemhesabia hajaoga. Hadithi iliyo mashuhuri inasema Mtume, rehema na amani zimshukie, alikuwa akitawadha kwa kibaba kimoja cha maji na kuoga kwa pishi moja, mpaka vibaba vitano. Pishi ni vibaba vinne, kama lita tatu. Ndoo ya mumeo ina lita ishirini, amefanya israfu huyo! Josho ni nia na maji kuenea mwilini. Sabuni si sharti, dodoki si sharti, maji ya moto si sharti. Ukioga josho alfajiri, jimiminie maji ya vuguvugu utoke, ngozi haitadhurika na kuni hazitakwisha.

Na hizo rasta, hujawa wa kwanza kuuliza. Ummu Salama alimwambia Mtume kwamba yeye ni mwanamke anayesuka nywele zake zikakaza, je, azifumue kwa josho la janaba? Akajibiwa hapana, inatosha kujimiminia kichwani mateko matatu kisha kujimwagia maji mwilini. Swali lako lina miaka kama 1,400. Kuhusu josho la hedhi, na kuhusu nywele zisizo zako, hapo maneno ya wanazuoni ni marefu na shehe wako atakueleza. Usiache sala kwa wasiwasi.

Shehe akikuruhusu kuziacha, mimi sikuruhusu. Wiki kumi zinatosha. Rasta zikae miezi miwili, zikizidi sana mitatu, na zako zimeshaanza kulia. Nywele za kipilipili hazitaki kuoshwa kila siku, kwa sababu mafuta ya kichwani hayashuki kwenye mizunguko yake na ncha zinabaki kavu. Chama cha madaktari wa ngozi cha Marekani kinawashauri wenye nywele kama zetu waoshe mara moja kwa wiki au kila baada ya wiki mbili. Lakini kuoshwa zioshwe, zikiwa zimesukwa au hazijasukwa. Wifi yako anazionea huruma rasta wakati chini yake kuna kichwa.

Hiyo mba unailisha mwenyewe. Husababishwa na fangasi mdogo anayeishi kwenye vichwa vya watu wote na chakula chake ni mafuta. Kila siku unampelekea. Fumua, osha na shampuu ya mba yenye ketokonazoli au zinki, iache kichwani kama dakika tano kabla ya kusuuza. Na ukifumua usipige kelele. Mtu hupoteza nywele 50 hadi 100 kwa siku, na zako za siku sabini zote zimenasa humo humo ndani ya misuko. Litatoka bonge la kukutisha. La mwisho langu mume wangu alidhani ni paka.

Ukisuka tena, mwambie msusi asikaze mpaka nyusi zikapanda. Kuosha ni rahisi: shampuu kidogo kwenye chupa ya maji, mimina njia kwa njia, kanda kwa ncha za vidole na siyo kucha, suuza. Kwa Lukozi chagua siku ya jua na uoshe asubuhi, maana rasta zikilala na maji kwenye ukungu zitanuka tambara bichi na wifi ataonekana alisema kweli.

Limebaki la mavyaa wako. Neno la kuni limekuuma, na lilikuwa na haki ya kukuuma, ila sikiliza na upande wake: kuni za mlimani zinabebwa mgongoni, na huenda mgongo wenyewe ni wake. Hakusema mkwe wangu anajiona. Alisema kuni zimekwisha, na zimekwisha kweli. Ukioga mara moja kwa maji ya vuguvugu, kuni zitabaki, na hizo zilizobaki zina kazi. Mwendee mchana mkiwa wawili, mkimenya viazi, umwombe msaada. Usimwambie mwanao mchafu, hakuna mama atakayeimeza hiyo. Mwambie unaogopa ile dawa kwa ajili ya mjukuu wake, na siku bwana akitoka na bomba, yeye mama ndiye aweke maji motoni na kumzuia mwanawe mlangoni. Wewe atakuruka kwa maneno matamu. Mama yake na ndoo mkononi hatamruka.

Na mtoto. Shirika la Afya Duniani linataka mtoto asiogeshwe kabisa saa 24 za kwanza, apate joto na ziwa kwanza, hivyo mkunga wa kijiji akikimbilia beseni mzuieni. Baada ya hapo utamsafisha kila siku uso, mikunjo ya shingo na pale penye nepi. Lakini kuoga mwili mzima, madaktari wa watoto wanasema mara tatu kwa wiki kwa mtoto mchanga zinatosha, zaidi ya hapo ngozi yake itakauka kama yako.

Kwa hiyo ni Jumatano, Ijumaa, na siku moja utakayoichagua wewe.